Mama Yangu Si Yaya wa Bure wa Minnesota

Jumapili iliyopita Mama alituma video ya sekunde 40 kwenye grupu ya familia. Mti mmoja nje ya nyumba ya dada yangu, huko Minneapolis, umegeuka mwekundu wote kutoka chini hadi juu, kama mtu ameumwagia rangi. Chini yake kuna mjukuu wa Mama, miaka miwili na kidogo, amekaa katikati ya majani, anayarusha juu na kupiga nduru kila yakimwangukia kichwani. Unamsikia Mama nyuma ya simu akicheka, halafu anasema, "Oneni, miti imeiva."

Miti imeiva! Hiyo video nimeirudia sijui mara ngapi.

Dakika 20 baadaye, kwenye grupu hiyo hiyo, dada akaandika kwamba ameanza kujaza fomu ya kumwombea Mama aongezewe miezi sita. Hakuuliza. Alitujulisha. Baba akasoma, nikaona tiki za bluu, na hakusema kitu. Mimi nikasema. Tangu siku hiyo dada hanijibu simu, na ndiyo maana leo mnasoma hii badala ya ile stori ya bei ya mafuta niliyowaahidi.

Msimamo wangu nauweka hapa juu kabisa, ili wa kukasirika akasirike akiwa bado na chaji: tumefanya mama zetu mayaya wa majuu, tunawalipa kwa picha za kwenye bustani na koti la baridi, halafu tunaita hiyo baraka ya wajukuu.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Mama ana miaka 61. Sisi ni watu wa Limuru, na kama umewahi kukaa Limuru mwezi wa saba unajua hatuna cha kuitwa summer. Kwenye darasa la Kiswahili tulikariri masika, kipupwe, vuli na kiangazi, na kipupwe chetu kinakuja wakati wenzetu wa majuu wanavua mashati. Kwa hivyo mwaka huu wote nimeishi misimu miwili kwa wakati mmoja: mimi na Baba tumekaa karibu na jiko la makaa, ukungu mpaka mlangoni, na kwenye simu Mama amevaa kofia ya jua, mtoto yuko uchi ndani ya beseni la maji kwenye baraza la ghorofa ya tatu.

Aliingia Marekani tarehe 12 Mei. Afisa wa pale uwanja wa ndege akampa hadi tarehe 11 Novemba. (Watu wengi huchanganya hii. Visa kwenye pasipoti inakuruhusu kufika mlangoni. Utakaa siku ngapi, anaamua huyo afisa, na kwa mgeni wa kutembea mara nyingi ni miezi sita.) Alibeba kilo mbili za majani chai, leso tatu, na dawa zake za presha. Usiku wa kuamkia safari alizimwaga tembe kwenye meza ya sebuleni na kuzihesabu mbili mbili kama mtu anayehesabu sarafu za sadaka. Zilikuwa 190. Moja kwa siku, na chache za dharura. Shikilia hiyo hesabu, nitairudia.

Niseme ukweli, miezi miwili ya kwanza ilikuwa raha. Sisi tuko mbele yao kwa saa nane, kwa hivyo simu ya Mama ilikuwa inaingia saa kumi na moja alfajiri, nikiwa nakamua ng'ombe, kwa sababu kwao ni saa tatu za usiku na mtoto amekataa kulala. Na kwa nini alale? Mwezi wa sita huko jua linazama hiyo saa tatu. Mama hakuwa amewahi kuona kitu kama hicho. Anamwambia mtoto, "Lala, usiku umefika," na mtoto anaonyesha dirisha kwa kidole. Kuna ushahidi! Mama anageuka kwangu: "Sasa huyu nitamdanganya na nini?"

Mtoto alijua maneno matatu ya kwetu kabla mwezi wa sita haujaisha: cucu, ng'ombe, na hapana. Ng'ombe ni kwa sababu yangu, kila simu aliona pua ya ng'ombe kabla ya kuona uso wangu. Na alikuwa akishika simu yoyote, hata iliyozimwa, anaiambia "Guka," kwa sababu kwa akili yake babu yake ni mtu anayeishi humo ndani.

Kuna bustani karibu na ziwa dogo, dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwa dada. Minnesota wanajiita nchi ya maziwa 10,000, na kwa kweli yamezidi hapo. Mama alikuwa anamfunga mtoto mgongoni kwa leso na kutembea hadi ziwani. Siku moja mzee mmoja, mama wa Kizungu mwenye mbwa, akamsimamisha akitaka aonyeshwe vile leso inafungwa. Walionana pale karibu kila siku baada ya hapo. Kiingereza cha Mama ni cha kanisani na sokoni, lakini walielewana. Dada aliwarekodi mara moja, nikaiweka hiyo klipu kwenye ukurasa wangu na ninyi mkaitazama kwa fujo, wengine wenu mlinifuata siku hiyo. Dada akaniambia niitoe, uso wa mtoto unaonekana. Niliitoa baada ya siku tatu. Siku tatu, si dakika tatu. Naliweka hapa kwa sababu nitakuja kumlaumu dada kwa kutumia watu, na ni vizuri mjue nani anaongea.

Tatizo lilianza kujionyesha mwezi wa nane. Au lilikuwepo tangu mwanzo na mimi nilikuwa natazama kofia ya jua.

Dada anafanya kazi usiku kwenye nyumba ya kutunza wazee. Anatoka saa kumi na mbili jioni, anarudi asubuhi, analala hadi mchana. Shemeji anaendesha lori, anaweza kupotea wiki mbili. Piga hesabu. Usiku mtoto ni wa Mama kwa sababu dada yuko kazini. Asubuhi mtoto ni wa Mama kwa sababu dada amelala. Mchana dada anaamka, anapika, anaoga, anacheza na mtoto saa mbili au tatu, anavaa sare, anatoka. Kwa hivyo mtu mmoja wa miaka 61, mwenye presha na goti la kushoto linalolia, yuko na mtoto wa miaka miwili karibu saa 20 kwa siku. Siku saba kwa wiki. Haendeshi gari, na pale unahitaji gari hata kununua chumvi. Ghorofa ya tatu haina lifti. Kanisa la Wakenya liko mbali, anaenda dada akiwa na nafasi, na dada hana nafasi.

Siku moja katikati ya Agosti simu iliingia mchana wetu, kwao alfajiri. Nikaona ukuta wa vigae. Alikuwa amejifungia bafuni na ananong'ona. Nikauliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu. Nimetaka tu kukaa mahali peke yangu kidogo." Tukakaa hivyo kama dakika tano, hatuongei, yeye amekaa juu ya beseni lililofunikwa, mimi nimesimama kwenye matuta ya sukuma. Halafu nikasikia mlango unagongwa chini, usawa wa magoti. "Cucu! Cucu!" Akasema, "Haya, mwajiri wangu ameamka." Akakata.

Alicheka akisema hivyo. Mimi sikucheka.

Nyumbani nako. Watu huongea kama bibi akienda majuu anaacha nafasi tupu, ati si alikuwa amekaa tu. Mimi ndiye niliyeachiwa hiyo nafasi tupu, kwa sababu ndiye kitinda mimba, niliacha chuo mwaka wa tatu, na kazi yangu ni ya simu kwa hivyo "uko tu nyumbani". Hiyo nafasi tupu inaamka saa kumi na nusu. Inakamua, inapeleka maziwa kwa wakati kabla gari la ushirika halijapita, inakata majani ya ng'ombe, inakumbusha Baba kwenda kliniki, inachanga kwenye chama, inaenda matanga, inajua nani amejifungua na nani hajaonekana kanisani. Ng'ombe mwenyewe alijua kumebadilika mtu. Maziwa yalishuka kutoka lita 14 hadi 10, na Baba aliniangalia kama mimi ndiye nimeyanywa. Rafiki wa Mama wa miaka 30 alizikwa mwezi wa saba, na Mama alihudhuria kupitia simu yangu niliyoinua juu ya vichwa vya watu, mvua ikinyesha kwenye kioo.

Baba hasemi. Lakini alijifunza hiyo tofauti ya saa nane, mzee ambaye bado anatumia redio ya betri, na ikifika jioni anauliza kama swali limempita tu kichwani: "Huko ni asubuhi, ama? Wamepiga?"

Sasa upande wa dada, kwa sababu nisipousema nitakuwa muongo.

Alipojifungua, mwajiri wake alimpa likizo bila mshahara. Marekani sheria ya taifa ya mwaka 1993 inakulindia kazi wiki 12, bila kulipwa, na hata hizo lazima uwe umefanya kazi hapo mwaka mzima kwenye kampuni ya watu 50 au zaidi. Alirudi baada ya wiki saba kwa sababu mwenye nyumba halei mtoto. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama miezi mitatu kwa mshahara kamili na baba wiki mbili, na kama bosi wako anaifuata hiyo ni mada ya siku nyingine. Kituo cha watoto karibu na kwake kinataka zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na kinafungwa jioni, ndiyo kwanza yeye anatoka kwenda kazini. Kwa hivyo simwoni kama mtu mbaya. Namwona kama mtu aliyesukumwa kwenye kona akatafuta mlango, na mlango pekee uliokuwa wazi ulikuwa Mama.

Na kuna jambo alilonijibu kwenye grupu ambalo sijapata usingizi nalo. Niliandika kwamba anamtumia Mama. Akaandika: "Nilikulipia karo semesta tano, ukaacha. Wewe ndiye unaniambia kuhusu kutumia watu?"

Hapo sina jibu. Semesta tano. Ndizo hizo zamu za usiku. Nilipoacha nilikuwa na sababu zangu, nimezieleza hapa mara nyingi na wengi wenu mlinipigia makofi, lakini hakuna siku nimekaa nikapiga hesabu kwamba karo niliyoichoma ilitoka kwenye mgongo wa mtu anayegeuza wazee vitandani usiku wa manane Minnesota. Pesa hizo hizo labda zingemlipia mtoto kituo mwaka mzima. Kwa hivyo ukitaka kusema Mama yuko kule kufidia nilichokula mimi, utakuwa hujakosea sana.

Lakini sasa hilo ndilo linanifanya niongee zaidi, si kunyamaza. Mwaka 2024 Wakenya wa majuu walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na Marekani ndiyo inaongoza. Benki Kuu inahesabu kila mwezi, magazeti yanaandika, wanasiasa wanashukuru. Nani anahesabu kinachoenda upande ule mwingine? Kila mtaa hapa Kiambu una mama aliyeenda "kuona mjukuu". Hakuna anayeenda kuona. Kuona ni wiki mbili. Hawa wanaenda kazini, kazi ambayo kama ingefanywa na mgeni ingekuwa na mshahara na siku ya kupumzika na mtu wa kulalamikiwa.

Na msidhani ni majuu tu. Yaya anayekulelea mtoto Ruaka, wa kwake kamwachia nani? Mama yake, kijijini. Kila mtu anasukuma mtoto wake nyuma mmoja, hadi mwisho wa foleni unakuta mwanamke mzee mwenye goti bovu, na huyo hana mtu nyuma yake.

Wengine mtaniambia mila zetu ndivyo zilivyo, bibi analea. Sawa. Mimi mwenyewe nimelelewa na cucu wangu. Lakini cucu alinilea kwake, kwenye kiti chake, na shangazi watatu wa kumpokea akichoka, na akitaka kwenda kanisani alienda. Alikuwa na uwezo wa kuniambia "nenda kwa mama yako" na nikaenda, mita 50. Mama anamwambia huyu mtoto aende wapi? Ghorofa ya pili?

Ninachotaka si kwamba akina mama wasiende. Ninachotaka ni tuongee nao kama watu tunaowaomba kazi. Umwambie mapema atakuwa na mtoto saa ngapi. Umpe siku yake kwa wiki, hata kama ni ya kulala tu, na pesa mkononi ambayo ni yake, si ya kuomba akitaka kununulia Baba viatu. Bima ya afya kabla hajapanda ndege, kwa sababu hospitali ya kule bila bima inaweza kumaliza shamba. Na tarehe ya kurudi iwe tarehe, haiguswi na mtu mwingine isipokuwa yeye. Zaidi ya yote umuulize mahali ambapo anaweza kukataa. Mama zetu hawajui kukataa mbele ya mtoto amebebwa. Ukimuuliza "Mama, utakaa kidogo?" na mjukuu yuko mapajani mwake, hujauliza kitu.

Na sasa zile tembe. Hiyo fomu wanashauri uipeleke angalau siku 45 kabla muda wako haujaisha, kwa hivyo uamuzi ni wiki hii, si Novemba. Kwenye grupu tulibishana kuhusu karo, kuhusu mila, kuhusu nani anampenda Mama zaidi. Baba, aliyekuwa amenyamaza siku nzima, ndiye aliyeandika usiku, kwa herufi kubwa maana hajui kuzizima: "DAWA ZAKE ZINAISHA NOVEMBA." Hakuna aliyekuwa amefikiria. Si dada, si mimi. Kule huwezi kuingia duka la dawa ukanunua za presha hivi hivi, lazima daktari akuone kwanza, na daktari huyo analipwa.

Juzi nilimpigia Mama akiwa ziwani, mbali na dada. Nikamuuliza wazi: unataka kukaa au unataka kurudi? Alinyamaza muda mrefu. Kwanza akaniuliza kama ng'ombe ameshapandwa. Nikasema bado. Akanigombeza kuhusu hilo dakika nzima. Halafu akasema kwamba mwenzake wa mbwa amemwambia theluji ya kwanza inaweza kuanguka hata kabla ya Novemba, na yeye angependa kuiona mara moja, aikanyage, ndiyo awe na ya kuwaambia wa chama. "Halafu nirudi." Nikauliza, umemwambia dada hivyo? Akasema, "Huyo amechoka sana. Nitamwambiaje?"

Nikamwambia nitamwambia mimi. Akasema nisithubutu.

Kwa hivyo nimemwandikia dada meseji ndefu, si kwenye grupu. Nimeomba msamaha wa semesta tano, kwa mara ya kwanza. Nimemwambia kila mwezi nitatuma kile ukurasa huu unaingiza, nusu yake, si nyingi lakini ni ya kituo cha watoto, na kwamba shemeji atafute njia za lori za karibu kwa muda. Na nimemwambia amuulize Mama tena, mtoto akiwa amelala. Ameisoma jana saa nne asubuhi. Hajajibu.

Tiketi bado inasoma tarehe 8 Novemba. Leo asubuhi Mama ametuma picha nyingine. Mti ule umebaki na majani machache, mtoto ana koti jipya la njano, na Mama amevaa koti la shemeji, mikono imemzidi hadi vidole havionekani. Kwenye baraza nyuma yao kuna ndoo tatu za sukuma alizopanda mwezi wa sita, na amezifunika kwa leso zote tatu kwa sababu ya baridi ya usiku.